‘Mwenye koneksheni aniunge’

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Saa moja na nusu asubuhi, kijiwe cha bodaboda, Tabata. Daladala zinapita zimejaa hadi mlangoni, wenye haraka ya kazini wanahangaika, lakini pikipiki tatu zimeegeshwa bila dereva. Madereva wenyewe wameinamia simu moja, vichwa vimegusana kama watoto wanaochungulia kisima. Mama mmoja mwenye kikapu cha mchicha ameita “Boda!” mara mbili. Hakuna aliyegeuka.

“Ni yeye kweli?”

“Mbona sura haionekani vizuri?”

“Nirushie hiyo, mwanangu.”

Mwenye simu, ambaye ndiye mdogo kuliko wote pale, anazima kioo na kuitia simu mfukoni. Anajua alichonacho. Kwa asubuhi hiyo moja yeye ndiye mkubwa wa kijiwe.

Mhariri alikuwa amenituma kuandika juu ya jambo hilihili, kwa hiyo nilisogea huku nikijiambia kwamba nipo kazini. Lakini shingo yangu nayo ilikuwa imerefuka.

Zamani kidogo, mtu akisema ana koneksheni ulielewa kwamba anajuana na wakubwa: mjomba wake yupo wizarani, au shemeji yake anaajiri bandarini. Siku hizi neno limehamia kwingine. Koneksheni ni video au picha ya faragha ya mtu iliyovuja, na pia ni njia ya kuipata. Msanii akiposti picha ya keki ya siku yake ya kuzaliwa, chini yake utakuta foleni ya watu: mwenye koneksheni aniunge, naomba koneksheni wadau, nami pia jamani.

Neno hilo limefanya kazi kubwa ya usafi. Hakuna anayeandika hadharani, “Naomba kuuona mwili wa binti wa watu bila ridhaa yake.” Angeona haya. Anaomba koneksheni, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Kutoka meza ya magazeti hadi kiganjani

Tusijifanye malaika. Umbea ulikuwapo barazani kwenye kahawa, kisimani, na kwenye mkeka wa kusukana nywele. Mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, alichunguza mazungumzo ya kawaida ya watu na mwaka 1997 akaeleza kwamba takriban theluthi mbili ya muda huo huenda kwenye habari za watu na mahusiano yao. Hoja yake ni kwamba kwa njia hiyo binadamu hujua nani wa kumwamini, nani tapeli, nani amuoze binti yake. Umbea una kazi yake katika jamii, na asiyeupenda kabisa mara nyingi ni yule anayesemwa.

Ila umbea wa baraza ulikuwa na breki. Aliyesema alijulikana, aliyesikiliza alijulikana, na uliyemsema ungekutana naye msibani wiki inayofuata mkipokezana sahani za pilau.

Milango ya magazeti binafsi ilipofunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, yakafuata magazeti ya udaku. Wasomaji wa umri wangu wanayakumbuka majina: Ijumaa, Uwazi, Risasi. Tulisimama mbele ya meza ya muuza magazeti tukisoma vichwa vya habari bure mpaka atufukuze. Hata huko breki zilikuwapo. Gazeti lilikuwa na mhariri, lilikuwa na anwani, lilishtakiwa mahakamani. Nawe msomaji ulilinunua mchana kweupe, mzee wa kanisa au imamu akikutazama kutoka ng’ambo ya barabara.

Simu imewaondoa walinzi wote wawili, mhariri na jicho la jirani. Sasa mtu anaweza kuyaona ya chumbani kwa watu akiwa kwenye kiti cha daladala, kati ya abiria wawili, bila mmoja wao kujua.

*“Neno koneksheni limefanya kazi kubwa ya usafi. Anayelitamka anajiona anaomba chumvi kwa jirani.”*

Kalamu zenye umeme

Kwa nini hata mtu mzima mwenye heshima zake hushindwa kujizuia? Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, George Loewenstein, alieleza udadisi kuwa ni hali ya kuona pengo kati ya unachojua na unachotaka kujua. Pengo hilo huwasha kama upele. Ukiambiwa “kuna video ya fulani”, umeshawashwa. Huhitaji kuwa mtu mbaya ili ujikune.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la Christopher Hsee na Bowen Ruan, lililochapishwa mwaka 2016. Watu waliachwa wakisubiri mezani penye kalamu ambazo baadhi yake zilitoa mshtuko mdogo wa umeme zikibofywa. Hakuna aliyewaambia wabofye. Walioonyeshwa ipi ina umeme na ipi haina walibofya chache. Walioachwa wasijue walibofya nyingi zaidi, wakajiumiza bila faida yoyote, kwa sababu tu walitaka kujua.

Nimelisoma jaribio hilo nikakumbuka kidole changu mwenyewe. Mara ngapi umebofya kiungo ukijua kabisa kwamba baada ya dakika moja utajisikia mchafu? Kinachosukuma kidole ni lile pengo, na raha yenyewe ni kidogo mno. Ndiyo maana ukiuliza vijiweni kuhusu video iliyotikisa mtaa miezi minne iliyopita, wengi hawakumbuki hata ilikuwa ya nani. Anayekumbuka ni mwenye mwili wake.

Tuliyoyaona ya Malabo, na tusiyoyaona

Novemba 2024 Afrika nzima ilijifunza jina la Baltasar Ebang Engonga. Alikuwa mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa fedha ya Guinea ya Ikweta, na ni wa ukoo wa Rais Teodoro Obiang. Oktoba mwaka huo alikamatwa akituhumiwa kufuja fedha za umma, na vifaa vyake vya mawasiliano vikachukuliwa na vyombo vya dola. Haikuchukua muda mrefu, mamia ya video zake za faragha na wanawake mbalimbali zikaanza kumiminika mitandaoni.

Makundi ya WhatsApp ya hapa kwetu yalichemka. Watu ambao wasingeweza kuionyesha Guinea ya Ikweta kwenye ramani walikuwa na video kumi na mbili kutoka mji wake wa Malabo. Zikatungiwa nyimbo, zikafanyiwa vichekesho, zikabandikwa kwenye stika. Wanawake waliomo, ambao kila mmoja ana mama, ana majirani na baadhi yao wana watoto wa shule, waligeuka kuwa namba: ya ngapi umeiona wewe?

Nami nilitafuta. Usiku wa manane, mke wangu amelala, nilikuwa nimeshika simu karibu na uso nikipekua. Nilijiambia kwamba mwandishi lazima ajue. Asubuhi yake mtu angeniuliza tuhuma za fedha zilikuwa za kiasi gani, zilipelekwa wapi na nani mwingine alihusika, nisingekuwa na jibu hata moja. Habari yenyewe, ile iliyowahusu wananchi wa nchi hiyo na mafuta yao, ilikuwa ni hizo fedha. Agosti 2025 mahakama ilimhukumu Engonga kifungo cha miaka minane kwa ufujaji. Sikumbuki kuona hata kundi moja kati ya niliyomo likiijadili hukumu hiyo.

Kuna waliohisi tangu mwanzo kwamba video zile ziliachiwa makusudi ili kummaliza kisiasa. Kama ndivyo, basi aliyeziachia alituhitaji sisi. Bila macho yetu zingekuwa faili tu kwenye kabati la polisi.

‘Kajitakia mwenyewe’

Nimezungukia vijiwe, saluni na ofisi, na hoja za upande wa pili nazifahamu vizuri kwa sababu nami nimewahi kuzitumia.

Ya kwanza ni kwamba aliyevujiwa kajitakia. Nani alimwambia ajirekodi? Hoja hii ina mashabiki wengi hasa saluni, na cha kushangaza, wanaoisema kwa ukali zaidi ni wanawake. Lakini mtu akipeleka siri zake kwa mtu mmoja anayempenda, hajazipeleka kwa mtaa. Ukimkabidhi fundi ufunguo wa nyumba, majirani hawapati ruhusa ya kuingia kulala.

Ya pili ni ya kiki. Wanasema wasanii huvujisha wenyewe ili wazungumzwe kabla ya kutoa wimbo. Huenda wapo. Tatizo ni kwamba wewe uliyeko Buza na simu yako huna namna ya kumtofautisha anayetafuta kiki na anayelia chooni amejifungia. Video za wote wawili zinafika kwa umbo lilelile, na kamsemo kalekale chini yake.

Ya tatu ina uzito. Viongozi wana mambo yanayopaswa kujulikana, na mara nyingine siri zao zimevuja kwa manufaa ya umma. Mkataba mbovu ukivuja, tunamshukuru aliyeuvujisha. Kama kiongozi amemnyanyasa mtu, hiyo ni habari, nayo inaandikwa bila kumvua nguo aliyenyanyaswa. Ukiona kinachosambazwa ni chumba cha kulala na wala si mkataba, hoja ya manufaa ya umma imeshaondoka na daladala ya kwanza.

Ya nne ndiyo ninayoisikia kuliko zote, tena kwa sauti ya upole: mimi natazama tu, sikuivujisha, na imeshavuja hata nisipoitazama.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika juu ya jambo hili. Lawama zote huelekezwa kwa mvujishaji. Lakini mfikirie kijana aliyeachwa na mpenzi wake, anamwandikia usiku: usiporudi, nitazimwaga. Anamtisha kwa kitu gani? Video peke yake ni kipande cha faili, haiumi. Kinachomtetemesha yule binti ni sisi. Ni uhakika kwamba sisi tupo macho, tuna bando, tunangoja. Wanaoendesha makundi ya siri na kutoza ada ya kuingia wanatuhesabu sisi. Anayeomba koneksheni hajamvujisha mtu, ni kweli; amejitolea tu kuwa risasi kwenye bunduki ya mwingine.

*“Anamtisha kwa kitu gani? Video peke yake ni faili. Kinachomtetemesha binti ni uhakika kwamba sisi tupo macho na tuna bando.”*

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya faragha yake, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 14, inaadhibu uchapishaji wa ponografia kwa njia ya kompyuta: faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Kwa zile zilizokithiri kwa uchafu, faini haipungui Sh30 milioni na kifungo hakipungui miaka kumi. Picha zikiwa za mtoto, kuna kifungu kingine mahususi.

Wengi hudhani kuchapisha ni kazi ya wenye mitambo. Katika sheria hii neno hilo limetandazwa kwa upana: kusambaza, kutuma, kuonyesha, kubadilishana, hata kunakili. Yule kijana wa Tabata aliyewaonyesha wenzake alikuwa ameshaingia ndani ya duara.

Kasoro ya kifungu hicho ni kwamba kinaitazama video kama uchafu, hakiulizi kama aliyemo aliridhia isambazwe. Kwa mtazamo huo aliyeumizwa anaweza kuogopa kwenda kituoni asije akageuzwa mshtakiwa. Hofu hiyo ina mfano wa karibu. Uganda ilitunga sheria ya kupinga ponografia mwaka 2014, na kwa sheria hiyo wapo wanawake waliokamatwa kwa sababu picha zao wenyewe zilivuja. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikavibatilisha vifungu vyake vya msingi.

Kenya imekaribia zaidi penyewe. Kifungu cha 37 cha sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 kinamlenga anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine, na adhabu inafika Sh200,000 za Kenya au miaka miwili jela, au vyote. Hata kabla ya hapo, mwaka 2016 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilimwamuru mwanaume aliyesambaza picha za utupu za mpenzi wake wa zamani, mrembo aliyevuliwa taji kwa sababu hiyo, amlipe fidia ya Sh1 milioni.

Mjomba na matokeo ya mpira

Nina mjomba, mtu mzima, mzee wa kanisa, sitamtaja hata kwa herufi. Siku moja namba yake ilianza kutuandikia ndugu wote: ile hela tuma kwa namba hii. Mchana kutwa simu zilikuwa zinapigwa kati ya Dar, Morogoro na Iringa. Ikaja kubainika kwamba alibofya kiungo kilichoahidi video ya msanii fulani, akaulizwa tarakimu sita zilizoingia kwa ujumbe mfupi ili “kuthibitisha umri”, akazitaja. Hizo ndizo zilizompa mwizi akaunti yake ya WhatsApp. Yeye anashikilia mpaka leo kwamba alikuwa anatafuta matokeo ya mpira. Tumemwachia.

Matapeli wanajua kwamba mtu aliyewashwa na udadisi hasomi maandishi madogo. Na aliyeibiwa kwa njia hiyo haendi kulalamika popote, kwa sababu ataulizwa alikuwa anatafuta nini.

Wanaoshika shuka

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, walisema wazee. Aliyewahi kuwa msibani kwetu anajua inavyofanyika. Maiti huoshwa nyuma ya shuka au khanga zilizoshikwa na ndugu pande zote, na wanaoshika shuka huangalia nje. Mwosha akimaliza hutoka kimya. Alichokiona, kovu au kilema, hakisikiki tena duniani.

Kwenye Kitabu cha Mwanzo kuna habari ya Nuhu aliyelewa akalala uchi hemani. Mwanawe mmoja, Hamu, aliona akatoka kwenda kuwaambia wengine. Kwa lugha ya leo, alifowadi. Ndugu zake wawili walichukua vazi, wakaliweka mabegani, wakaingia kinyumenyume ili wasimwone baba yao, wakamfunika. Na Waislamu wanayajua maonyo ya Sura ya Al-Hujurat dhidi ya kupelelezana na kusengenyana.

Hata sokoni, pale Buguruni au Tandika, mwanamke akianguka nguo ikafunuka, bado utaona wenzake watatu wakimkimbilia huku wanafungua khanga viunoni. Kusitiri tunakujua. Tulichofanya ni kukuacha nje ya mlango wa simu.

Kidole kikizuiwa

Baada ya yale ya Malabo nilifanya mambo mawili matatu, nayo hayakuwa makubwa. Nilizima mpangilio wa WhatsApp unaopakua picha na video zenyewe, ili kitu kisiingie ndani ya simu kabla sijakiruhusu. Nilitoka kwenye makundi mawili. Na nikijiwa na mwasho wa kutafuta, najipa mpaka kesho jioni. Mara nyingi kesho jioni sikumbuki. Ikiwa nakumbuka, najipa siku nyingine. Nimeanguka mara moja tangu hapo, na sijivunii.

Kampuni nazo zinajua kwamba kuchelewesha kunasaidia. WhatsApp mwaka 2019 ilimzuia mtu kusambaza ujumbe mmoja kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukabanwa hadi mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Kampuni ikaeleza kwamba usambazaji wa ujumbe wa aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Kama hatua ndogo ya kumchosha mtu kidole inaleta mabadiliko kiasi hicho, nia ya mtu mwenyewe ingeweza zaidi.

Gharama ipo. Ukisema “sina, na sitaki kuiona”, utaitwa mlokole au mjuaji. Katika kundi letu la waliosoma pamoja, mtu mmoja alirusha kipande cha video saa nne usiku. Zikaja emoji za kucheka, kisha mmoja wetu, mwalimu wa sekondari ambaye huwa haandiki kitu, akaandika: huyo ni mtoto wa mtu, futeni. Kundi likanyamaza kama dakika kumi. Admini akafuta. Hakuna aliyelizungumzia tena, na tangu siku hiyo hakuna aliyerusha kitu cha namna ile.

Kwa hiyo ombi langu kwako, msomaji, ni dogo. Wiki hii ikivuja nyingine, usiulize ni ya nani. Ikikufikia bila kuiomba, ifute kabla hujaifungua, na umwambie aliyekutumia kwamba umeifuta.

Na kama aliyevujiwa ni wewe, au unatishiwa: usimlipe anayekutisha, kwa maana atarudi. Hifadhi ujumbe na namba zake kama ushahidi, kisha nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea anaweza pia kutumia StopNCII.org, huduma iliyoanza mwaka 2021, inayotengeneza alama ya kidijitali ya picha yako ndani ya simu yako mwenyewe ili mitandao iliyojiunga nayo iizuie. Picha yenyewe haiondoki kwako. Kwa mtoto, namba ya msaada hapa Tanzania ni 116. Kupiga ni bure.